Saratani Kali ya Damu: Kwa Nini Daktari Huuliza Habari za Kromosomu Kabla ya Kuchagua Dawa

Mtoto wa miaka minne ana homa kwa wiki ya tatu sasa. Amepimwa malaria mara mbili na kupewa dawa. Homa inashuka siku mbili tatu, kisha inarudi. Viganja vyake vimepauka, hataki kucheza na wenzake, usiku analia kuwa miguu inamuuma, na mama ameona vidoadoa vyekundu mapajani ambavyo haviwashi wala havipotei vikibonyezwa. Jirani anasema ni upungufu wa damu, apewe managu na bitiruti kwa wingi. Nyanya yake anashuku jicho la husuda.

Huu ni mfano tu, lakini wahudumu wa afya huiona picha kama hii mara kwa mara. Mara nyingi chanzo ni maambukizi ya kawaida yanayotibika kwa urahisi. Mara chache huwa ni lukemia kali, yaani saratani ya damu inayokwenda kasi. Ugonjwa huu usipotibiwa huua ndani ya wiki au miezi michache. Ukigunduliwa mapema na kutibiwa kikamilifu, watoto wengi hupona kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona ni chini ya asilimia 30. Sehemu kubwa ya pengo hilo hutokana na kuchelewa kufika hospitali, kutotambuliwa kwa ugonjwa, na matibabu kuachwa njiani.

Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya mwili wa mgonjwa, kwa nini madaktari husisitiza vipimo vya kromosomu na jeni, na hatua ambazo mkazi anaweza kuchukua.

Damu hutengenezwa wapi?

Ndani ya mifupa kuna uboho, ule ute laini tunaouona tukivunja mfupa wa nyama. Huko ndiko damu hutengenezwa. Uboho hutoa chembe nyekundu zinazobeba hewa ya oksijeni, chembe nyeupe zinazopambana na magonjwa, na chembe sahani zinazogandisha damu mtu anapojikata. Kila chembe huanza ikiwa changa, hukomaa kwa hatua, hufanya kazi yake, kisha hufa na kupisha nyingine.

Katika lukemia kali, seli moja changa ya damu nyeupe huharibika, ikakataa kukomaa na kuendelea kuzaana. Uboho hujaa seli changa zisizo na kazi, na chembe nzuri hukosa nafasi. Hapo ndipo dalili zote za yule mtoto zinapotoka. Amepauka na kuchoka kwa sababu chembe nyekundu zimepungua. Homa hairudi nyuma kwa sababu chembe nyeupe zilizokomaa ni chache. Vidoadoa na damu ya ufizi ni alama ya upungufu wa chembe sahani. Miguu inauma kwa sababu uboho umefurika.

Kuna aina kuu mbili. Lukemia kali ya limfu huwapata zaidi watoto. Lukemia kali ya mailoidi huwapata zaidi watu wazima, ingawa watoto pia huipata.

Nyumba moja, swichi nyingi

Karibu kila seli ya mwili ina maelekezo kamili ya kumtengeneza binadamu. Maelekezo hayo huitwa jeni, na yale yanayotumika kutengeneza protini hufikia takriban 20,000. Jeni zimepangwa katika nyuzi ziitwazo kromosomu. Mwaka wa 1956, Joe Hin Tjio na Albert Levan walionyesha nchini Sweden kwamba seli ya binadamu ina kromosomu 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi, moja hutoka kwa mama na nyingine kwa baba.

Swali ni hili: ikiwa seli ya ini na seli ya damu zina maelekezo yale yale, mbona kazi zao hazifanani? Fikiria nyumba kubwa iliyotiwa stima. Nyaya zimefika kila chumba, lakini taa hazijawashwa zote. Jikoni zinawaka hizi, chumbani zinawaka zile. Vivyo hivyo, kila seli huwasha jeni inazohitaji na kuzima nyingine. Jeni iliyowashwa husomwa, na maelekezo yake hutumika kutengeneza protini. Wataalamu huuita mwenendo huo utendaji wa jeni. Seli changa ya damu hukomaa kwa kuwasha na kuzima jeni kwa mpangilio maalumu.

Sasa fikiria fundi aliyekata nyaya mbili na kuziunganisha vibaya. Swichi ya taa ya nje, ambayo huwaka usiku kucha, sasa imeunganishwa na jiko la umeme. Jiko litawaka mchana na usiku hata kama hakuna anayepika. Hivyo ndivyo kromosomu iliyovunjika inavyoweza kuanzisha saratani.

Kromosomu zinapovunjika

Seli inapojigawa, hunakili kromosomu zake zote. Mara chache kosa hutokea. Kromosomu mbili zinaweza kukatika na kubadilishana vipande. Kipande kinaweza kupotea au kugeuka kichwa chini. Wakati mwingine seli huishia na kromosomu nyingi kuliko 46 au pungufu. Makosa mengi hurekebishwa na seli yenyewe, au seli yenye kosa hufa. Tatizo huja kosa linapoangukia jeni inayosimamia ukuaji.

Mabadilishano ya vipande huleta madhara kwa njia mbili. Ya kwanza, jeni ya ukuaji huhamia karibu na swichi isiyozimwa. Mfano ulio karibu nasi ni limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto iliyoelezwa mwaka wa 1958 na daktari Denis Burkitt kutokana na wagonjwa aliowaona Uganda, na ambayo hupatikana katika maeneo ya Afrika Mashariki yenye malaria nyingi. Mara nyingi katika saratani hiyo, jeni iitwayo MYC hutoka kromosomu ya 8 na kuhamia ya 14, kando ya swichi ya kutengeneza kingamwili, ambayo katika seli hizo huwa imewashwa daima.

Njia ya pili ni kuunganika kwa vipande vya jeni mbili tofauti. Seli husoma jeni hizo kama moja na kutoa protini ambayo mwili haujapata kuijua.

Mwaka wa 1960, watafiti Peter Nowell na David Hungerford wa jiji la Philadelphia, Marekani, waliona kromosomu ndogo isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa wenye lukemia ya muda mrefu. Kwa miaka kadhaa ilidhaniwa kuwa kipande chake kilipotea tu. Mwaka wa 1973, daktari Janet Rowley wa Chicago alipanga picha za kromosomu alizozikata kwa mkasi juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, huku watoto wake wakimtania kuwa anacheza na wanasesere wa karatasi. Aligundua kuwa kipande hakikupotea. Kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Mwaka huo huo alieleza mabadilishano mengine, kati ya kromosomu ya 8 na 21, katika lukemia kali ya mailoidi. Tangu hapo ikaanza kueleweka kuwa mabadiliko haya ya kromosomu hushiriki katika kuusababisha ugonjwa.

Jina moja, magonjwa tofauti

Wagonjwa wawili wanaweza kulala vitanda jirani, wote wakiambiwa wana lukemia kali, na bado wakahitaji matibabu tofauti. Tofauti hiyo mara nyingi imo katika kromosomu. Hapa kuna mifano minne.

Kromosomu ya 12 na 21. Karibu robo ya watoto wenye lukemia kali ya limfu huwa na mabadilishano haya katika nchi ambako vipimo vimefanywa kwa wingi. Ni habari njema, kwa sababu aina hii huitikia vizuri tibakemikali ya kawaida. Vilevile, watoto ambao seli zao za saratani zina kromosomu zaidi ya 50 huwa na matumaini mazuri.

Kromosomu ya 11. Mabadiliko ya jeni iitwayo KMT2A, iliyo kwenye kromosomu hii, hupatikana sana kwa watoto wachanga wenye lukemia kali. Aina hii ni ngumu zaidi na huhitaji matibabu makali.

Kromosomu ya 9 na 22. Mabadilishano yaleyale aliyoyaeleza Rowley hupatikana pia katika lukemia kali ya limfu, kwa watoto wachache na kwa takriban robo ya watu wazima. Zamani wagonjwa hawa walipona kwa nadra. Protini ya jeni mbili zilizoungana huwa kama swichi iliyokwama. Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2001 kwa lukemia ya muda mrefu, huizima protini hiyo. Baadaye ilipoongezwa kwenye tibakemikali ya lukemia kali, hali ya wagonjwa hawa iliboreka sana.

Kromosomu ya 15 na 17. Hii ndiyo inayoonyesha wazi uhusiano wa kromosomu, utendaji wa jeni na dawa. Aina hii ya lukemia ya mailoidi iliogopwa kuliko zote kwa sababu mgonjwa angeweza kuvuja damu hadi kufa ndani ya siku chache. Katika seli ya kawaida kuna protini inayopokea asidi ya retinoiki, kitu cha jamii ya vitamini A, kisha kuwasha jeni za kukomaza seli. Kromosomu hizi mbili zinapobadilishana vipande, protini hiyo huunganishwa na nyingine na badala ya kuwasha jeni za ukomavu, huzizima. Seli hubaki changa na kuzaana.

Mwaka wa 1985, daktari Wang Zhenyi wa Hospitali ya Ruijin jijini Shanghai, China, alimpa msichana wa miaka mitano mwenye ugonjwa huu dawa ya jamii hiyo ya vitamini A kwa kipimo kikubwa. Dawa ililegeza protini iliyokwama, jeni zikawashwa, na seli zikaanza kukomaa. Mtoto alipona. Mwaka wa 1988 yeye na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 24. Wagonjwa 23 walipata nafuu kamili kwa dawa hiyo peke yake, na mmoja baada ya kuongezewa tibakemikali. Baadaye madaktari wa China walionyesha kuwa arseniki, ikitolewa kwa kipimo cha hospitali, huivunja protini hiyo hiyo. Leo aina hii ni miongoni mwa lukemia kali zinazopona zaidi, mradi mgonjwa aanze dawa mapema.

Tahadhari: hakuna karoti, mafuta ya samaki wala vidonge vya vitamini A vya dukani vinavyotibu lukemia. Vitamini A nyingi huharibu ini, na arseniki ni sumu. Kinachotibu ni dawa sahihi, kwa kipimo sahihi, kwa mgonjwa ambaye kipimo cha kromosomu au jeni kimethibitisha kuwa ana aina hiyo.

Kromosomu zikionekana nzuri

Karibu nusu ya watu wazima wenye lukemia kali ya mailoidi huonekana na kromosomu za kawaida zinapotazamwa kwa hadubini. Haimaanishi kuwa jeni zao ziko sawa. Kosa linaweza kuwa dogo mno lisionekane kwa macho. Hapa ndipo kupima utendaji wa jeni kunaposaidia, yaani kuangalia jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa.

Mwaka wa 1999, Todd Golub na wenzake nchini Marekani walipima utendaji wa jeni takriban 6,800 katika uboho wa wagonjwa 38. Kompyuta iliweza kutenganisha lukemia ya limfu na ya mailoidi kwa kufuata mpangilio wa jeni zilizowashwa. Kazi hiyo ilifungua mlango. Leo kuna aina za lukemia ambazo zimejulikana kwa sababu utendaji wa jeni zake hufanana, ingawa kwa hadubini hazikuwa na alama ya kuzitambulisha.

Vipimo hufanywaje?

Safari huanza na kipimo kamili cha damu, ambacho huhesabu chembe zote. Mtaalamu wa maabara pia hupaka tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini. Vikionyesha dalili za lukemia, mgonjwa hupewa rufaa.

Katika hospitali ya rufaa, daktari hutoa uboho kidogo kwa sindano, mara nyingi kutoka mfupa wa nyonga, baada ya kupaka au kudunga dawa ya ganzi. Sehemu ya uboho huo hukuzwa maabarani hadi seli zianze kujigawa, kisha kromosomu hutiwa rangi, hupigwa picha na kupangwa jozi kwa jozi. Kipimo kingine hutumia rangi zinazong'aa kutafuta kipande fulani cha kromosomu. Kipimo cha PCR, ambacho wengi walikijua wakati wa korona, hutafuta jeni zilizoungana.

Vipimo hivi hufanywa katika maabara chache, na huenda sampuli ikasafirishwa mbali. Matokeo ya kromosomu yanaweza kuchukua siku kadhaa au zaidi. Usichukulie kusubiri huko kuwa ni kupuuzwa. Uliza daktari ni kipimo gani kinasubiriwa, na matibabu gani yanaweza kuanza wakati huo.

Maswali ambayo familia huuliza

Je, mtoto ameirithi kwangu?

Kwa kawaida, la. Mabadiliko haya hutokea katika seli moja ya damu ya mgonjwa mwenyewe, wala hayamo katika yai la mama au mbegu ya baba. Uchunguzi wa mapacha wa kufanana umeonyesha kuwa kromosomu inaweza kuvunjika mtoto akiwa bado tumboni, lakini hata hapo si kosa la mama, na watoto wengi wenye badiliko hilo hawaugui kamwe. Hakuna sababu ya kumlaumu mzazi, kuvunja ndoa au kutafuta mchawi. Watoto waliozaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada, yaani wenye ugonjwa wa Down, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata lukemia, hivyo homa na kupauka kwao kuchunguzwe mapema.

Je, inaambukiza?

Hapana. Kula, kulala na kucheza na mgonjwa hakuambukizi. Mgonjwa ndiye anayehitaji kukingwa dhidi ya magonjwa yetu.

Ni nini huvunja kromosomu?

Kwa wagonjwa wengi hakuna chanzo kinachoweza kuonyeshwa. Mionzi mikali, baadhi ya dawa za kutibu saratani nyingine, na kemikali iitwayo benzini huongeza hatari. Benzini imo ndani ya petroli. Wanaofanya kazi gereji na kwenye vituo vya mafuta wasinyonye petroli kwa mpira, wala wasinawe mikono kwa petroli.

Mtoto amepata nafuu. Kwa nini arudi hospitali?

Hili ndilo swali linaloamua uhai. Baada ya wiki chache za tibakemikali mtoto hurudi kucheza, na hadubini huenda isione seli mbaya hata moja. Lakini PCR na vipimo vingine vya kisasa vinaweza kukuta seli zilizojificha. Zikiachwa, ugonjwa hurudi ukiwa sugu zaidi. Ndiyo maana matibabu ya lukemia kali ya limfu huchukua miaka miwili hadi mitatu. Kuacha katikati kwa sababu mtoto anaonekana mzima ni kuipa saratani nafasi ya pili.

Mkazi afanye nini?

Fika kituo cha afya kilicho karibu ukiona homa isiyoisha au inayorudi licha ya dawa, kupauka, vidoadoa vya damu, damu ya pua au ufizi isiyokoma, maumivu ya mifupa, tezi zilizovimba, au tumbo kuvimba upande. Ikiwa homa imerudi baada ya matibabu mawili, omba kipimo kamili cha damu. Ni haki yako kuuliza.

Usitumie dawa za steroidi bila ushauri wa daktari. Zinaweza kuficha lukemia kwa muda na kuvuruga vipimo.

Jisajili na familia yako katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147# au kupitia kituo cha afya, kabla ugonjwa haujabisha hodi. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu anaweza kukusaidia.

Hifadhi karatasi zote za vipimo, hasa ripoti ya uboho na kromosomu. Mgonjwa akihamishiwa hospitali nyingine, ripoti hiyo humwambia daktari mpya ni lukemia ya aina gani na dawa ipi ilichaguliwa.

Mgonjwa aliye kwenye tibakemikali akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usisubiri kupambazuke.

Na wewe uliye mzima, changia damu. Mgonjwa mmoja wa lukemia anaweza kuhitaji damu na chembe sahani mara nyingi kabla uboho wake haujaanza tena kufanya kazi. Dawa bora kabisa haitamfaa mtoto atakayevuja damu huku akiisubiri.